Kabla ya kuuliza kama ni nabii

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, mjomba wangu alinichukua jioni moja kwenda kusikiliza mhadhara katika uwanja mmoja mjini Tanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mihadhara ya mlingano wa dini ilipokuwa imeenea katika miji mingi ya Tanzania. Palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, spika mbili zilizofungwa juu ya nguzo, na Biblia kadhaa zilizochakaa kwa kufunguliwa mara nyingi. Mhadhiri, aliyevaa kanzu na kofia, hakufungua Qurani hata mara moja. Alimwomba kijana aliyeketi kando yake asome Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, aya ya 18, na kijana akasoma kwa sauti iliyofika hadi barabarani ahadi ambayo Mungu alimpa Musa, kwamba atawaondokeshea nabii miongoni mwa ndugu zao, mfano wake yeye. Mhadhiri akauliza ndugu za Waisraeli ni akina nani kama si wana wa Ismaili, na uwanja ukaitikia kwa takbiri. Kisha kipaza sauti akapewa Mkristo mmoja kutoka katika umati, naye akasoma Mathayo 7:15 juu ya manabii wa uongo wanaokuja wamevaa mavazi ya kondoo, na upande wake ukapiga makofi. Walirushiana aya namna hiyo mpaka adhana ya magharibi ilipowatawanya.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali ambalo sikuwa na maneno ya kulisema, na imenichukua miaka mingi kulipata sawasawa. Saa nzima watu wazima walibishana kama Muhammad ni nabii au si nabii, na hakuna hata mmoja aliyesema nabii ni nani, ana kazi gani, na anatambuliwa kwa alama zipi. Kila upande ulidhani kwamba jambo hilo linajulikana. Leo ninaamini kwamba hapo ndipo ugomvi wote ulipo, na kwamba yule mhadhiri na yule aliyemjibu walikuwa wameshika mizani mbili tofauti, huku kila mmoja akimshangaa mwenzake kwa kuusoma uzito vibaya.

Ninaandika kama Mkristo, na sitaki kulificha jambo hilo. Mama yangu alizaliwa katika familia ya Kiislamu upande wa Muheza, akabatizwa alipoolewa na baba, ambaye ukoo wake ni wa Walutheri wa Usambara. Mjomba, ndugu yake wa tumbo moja, alibaki katika dini ya wazazi wao na akawa mwalimu wa madrasa. Kubatizwa kwa dada yake kulimuumiza, na aliniambia hivyo mara moja tu katika maisha yake, bila kulalamika. Hata hivyo hakuacha kuja kwetu, wala mama hakuacha kwenda kwake sikukuu za Idi, na mimi nimekulia kati ya watu wawili wanaopendana huku kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekosea katika jambo kubwa kuliko yote.

Lugha yetu yenyewe inachangia fumbo hili. Neno nabii limetoka katika Kiarabu, na lilikuwa midomoni mwa watu wa pwani karne nyingi kabla ya Johann Ludwig Krapf kufika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri sehemu za Biblia. Wamisionari walilikuta neno limekwisha kujaa maana ya Kiislamu, wakalichukua, wakawamimina humo Isaya na Yeremia. Neno mtume lilipata mkasa mkubwa zaidi. Kwa Mwislamu, Mtume ni yule aliyetumwa na Mwenyezi Mungu na ujumbe kwa watu wake, naye yuko juu ya nabii, kwa kuwa kila mtume ni nabii lakini si kila nabii ni mtume. Kwa Mkristo anayesoma Biblia ya Kiswahili, mitume ni wale 12 ambao Yesu aliwatuma, na Paulo baada yao, kwa hiyo Yesu ndiye mwenye kutuma. Mwislamu akisikia "Mtume Paulo" husikia dai ambalo Mkristo hakulidai, na Mkristo akisikia "Nabii Isa" husikia kupunguzwa kwa mtu ambaye Mwislamu amekusudia kumtukuza. Ndugu wawili wanaweza kutumia sentensi moja kwa Kiswahili fasaha na wasiwe wamezungumza jambo moja.

Orodha za manabii nazo hazilingani, na jambo hili lilinishangaza zaidi nilipoanza kusoma kwa utaratibu. Qurani inawataja kwa majina manabii 25, kama walimu wa madrasa wanavyofundisha, na wengi wao Mkristo anawafahamu: Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Lutu, Yusufu, Musa, Daudi, Suleimani. Lakini Biblia haimwiti Lutu nabii popote, na Suleimani inamwita mfalme. Kwa upande mwingine, wale ambao Mkristo huwafikiria kwanza anaposikia neno manabii, yaani Isaya, Yeremia, Ezekieli, Hosea, Amosi na wenzao walioachiwa vitabu kwa majina yao, hawamo kwa majina katika Qurani isipokuwa Yona, ambaye ni Nabii Yunus. Qurani yenyewe, katika Sura ya 40, inasema kwamba wako mitume ambao habari zao Mtume Muhammad hakusimuliwa, basi Mwislamu hana sababu ya kuwakataa. Ila mtu ambaye picha yake ya nabii imechorwa na Ibrahimu na Musa, na mtu ambaye picha yake imechorwa na Yeremia akilia juu ya Yerusalemu, hawawezi kutarajia mambo yale yale kutoka kwa nabii.

Nabii wa Biblia, kwa sehemu kubwa, haleti sharia mpya. Sharia imekwisha kuja Sinai, agano limekwisha kufungwa, naye anatumwa ndani ya agano hilo kuwaambia wafalme na makuhani kwamba wamelivunja. Nathani anamnyoshea Daudi kidole usoni. Mikaya mwana wa Imla anasimama peke yake mbele ya Mfalme Ahabu dhidi ya manabii wapatao 400 waliokuwa wakimwambia mfalme lile alilotaka kusikia. Wamo hata wanawake, kama Debora na Hulda, jambo ambalo wanazuoni wengi wa Kiislamu hawalikubali, ingawa Ibn Hazm wa Andalusia alishikilia kwamba Maryamu alipewa unabii. Katika Qurani, nabii anatumwa kwa watu wake, mara nyingi peke yake, kuwaita waache kumshirikisha Mungu na chochote. Wanamkadhibisha, anavumilia, na hukumu inashuka. Sura ya 26 inapita kutoka kwa Musa na Ibrahimu hadi Nuhu, Hud, Saleh, Lutu na Shuaib, na katika masimulizi ya hao watano wa mwisho maneno yanarudi karibu yale yale, kwa sababu ujumbe ni ule ule. Kwa Mwislamu kurudia huko ni ushahidi kwamba manabii wote ni nyumba moja. Mkristo anayesoma kwa haraka huona masimulizi yaliyofupishwa, na hapo anakuwa amekosa kusikia kinachosemwa.

Vipimo vyenyewe ndivyo nilivyovitafakari kwa muda mrefu zaidi. Sura ile ile ya 18 ya Kumbukumbu la Torati, ambayo kwenye mhadhara husomwa aya moja tu, inaendelea kutoa kipimo: nabii akinena kwa jina la BWANA na neno lake lisitimie, Mungu hakulinena. Kipimo hicho kinaonekana chepesi mpaka mtu anapojaribu kukitumia. Katika sura ya 13 ya kitabu hicho hicho, Musa anaonya kwamba hata nabii ambaye ishara yake imetimia asisikilizwe ikiwa anawaita watu kuifuata miungu mingine, kwa hiyo kutimia peke yake hakutoshi. Naye Yona alitangaza kwamba Ninawi utaangamizwa baada ya siku 40, Ninawi ukatubu, haukuangamizwa, na hakuna Mkristo wala Mwislamu anayemwita Yona mwongo. Yeremia 18 inaeleza sababu: tishio la Mungu hubeba ndani yake nafasi ya kutubu.

Hakuna mahali ambapo ugumu huo unaonekana wazi kama katika Yeremia 28. Yeremia ametembea Yerusalemu na nira ya mti shingoni, akisema kwamba watu wajisalimishe kwa Babeli. Hanania, nabii kutoka Gibeoni, anasimama hekaluni na kusema kwa jina la Mungu yule yule kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa, kisha anaitwaa ile nira kutoka shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya makuhani na watu wote. Fikiria mtu aliyesimama pale siku ile. Wote wawili ni Waisraeli, wote wanasema "BWANA asema hivi", na maneno ya Hanania ndiyo yenye matumaini. Yeremia mwenyewe anajibu "Amina", anatamani iwe hivyo, anakumbusha tu kwamba nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake litakapotokea, kisha anaondoka zake. Baadaye ndipo anapopewa neno la kurudi kwa Hanania, naye Hanania anakufa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Ninaipenda sura hii kwa sababu inakiri kwamba nabii wa kweli na wa uongo wanaweza kusimama bega kwa bega na watu wema wakashindwa kuwatofautisha, na kwamba wakati mwingine hakuna njia isipokuwa kungoja.

Mjomba alifundishwa kipimo kingine, na aliwafundisha watoto wa madrasa kukikariri: mitume wana sifa nne za lazima, nazo ni sidki, amana, tablighi na fatana, yaani ukweli, uaminifu, kufikisha ujumbe bila kuficha chochote, na akili iliyo makini. Kipimo hiki kinaanza na mtu mwenyewe kabla ya utabiri wake. Qurani katika Sura ya 10 inamwagiza Mtume awakumbushe Wamakka kwamba amekaa kwao umri mzima kabla ya kuja kwa wahyi, yaani ufunuo, na wao wenyewe ndio waliomwita al-Amin, mwaminifu. Hoja ni kwamba mtu ambaye hakuwahi kuwadanganya watu kwa miaka 40 hataanza kwa kumsingizia Mungu. Mjomba alipenda pia kusimulia hadithi iliyo katika mkusanyiko wa Bukhari, ya Kaisari Heraklio aliyemhoji Abu Sufyan wakati Abu Sufyan alikuwa bado adui wa Mtume. Heraklio, ambaye alikuwa Mkristo, aliuliza maswali mengi: je, mtu huyu ana nasaba njema, je, kati ya wazee wake alikuwapo mfalme, je, wanaomfuata ni wakubwa au wanyonge, wanaongezeka au wanapungua, amewahi kusema uongo, anavunja ahadi? Abu Sufyan, mbele ya wenzake, aliona haya kusema uongo. Mjomba akifika hapo hunyamaza kidogo, kwa sababu kwake nguvu ya hadithi iko katika ulimi wa adui uliolazimika kushuhudia.

Kipimo cha Qurani kina upande mwingine ambao Wakristo wachache wanaufahamu. Sura ya 69 inasema kwamba kama Mtume angemzulia Mungu baadhi ya maneno, Mungu angemshika na kuukata mshipa wa moyo wake. Ukisoma aya hiyo pamoja na Kumbukumbu la Torati 18:20, inayosema kwamba nabii anayejikinai kunena asichoagizwa atakufa, utaona kwamba vitabu vyote viwili vinauona unabii wa uongo kuwa hatari kwanza kwa yule anayenena. Ninatamani jambo hili lingesemwa kwenye uwanja ule wa Tanga, maana ni mahali ambapo pande zote mbili zingeweza kutetemeka pamoja.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuhusu dhambi za manabii, na hapa ndipo mjomba nami tuliwahi kushindwa kuelewana kwa miaka kadhaa. Biblia inasimulia kwamba Nuhu alilewa, kwamba Haruni aliitengeneza ile ndama ya dhahabu, kwamba Daudi alimchukua mke wa Uria na kumpeleka Uria mahali pa kuuawa, na kwamba moyo wa Suleimani uligeuzwa uzeeni akaifuata miungu ya wake zake. Kwa mjomba habari hizi zilikuwa ushahidi kwamba kitabu kimetiwa mikono ya watu. Mafundisho ya isma yanasema kwamba Mungu huwahifadhi manabii wake; wanazuoni wametofautiana juu ya makosa madogo, lakini wamekubaliana kwamba nabii hakosei katika kufikisha ujumbe na hatumbukii katika machafu. Qurani inasema wazi kwamba Suleimani hakukufuru, na kwamba aliyewatengenezea Waisraeli ndama ni Msamiri, huku Haruni akiwakataza.

Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, kwani nabii akitenda dhambi kisha akatubu, ujumbe wake unaharibika?"

Akanijibu, "Mwanangu, Mungu amemleta mtu huyu ili watu wamfuate. Ukimfuata nyuma naye akaingia shimoni, wewe utakuwa wapi? Na Mungu aliyekuamuru umfuate utamsemaje?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado naliheshimu swali lile, kwa sababu linaonyesha kwamba kwake nabii ni mfano wa kuigwa katika kila jambo, kuanzia sala hadi namna ya kula. Kwa Mkristo, Daudi si mfano wa kuigwa kwa namna hiyo. Daudi ni mtu aliyevunjika, na Zaburi ya 51 ilizaliwa katika kuvunjika huko, na Mkristo anayeiomba anapata matumaini kwa sababu Mungu aliweza kunena kupitia chombo chenye ufa. Yule asiye na ufa, kwa imani yetu, ni mmoja tu. Kwa hiyo tunapobishana juu ya Daudi, tunabishana kumbe juu ya mahali ambapo kila dini imeweka utakatifu. Nilipokuja kusoma Sura ya Saad nilikuta wagombanao wawili wakimwingilia Daudi mihrabuni na kesi ya kondoo 99 dhidi ya kondoo mmoja, na Daudi anatambua kwamba amejaribiwa, anaomba msamaha na kuanguka kusujudu. Nikamkumbuka Nathani na mfano wake wa tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Qurani haimtaji Bathsheba, yule mke wa Uria, lakini toba ya Daudi imo.

Nirudi kwenye ile aya ya mhadhara. Waislamu husema kwamba Muhammad ndiye aliyefanana na Musa: alizaliwa na baba na mama, alioa, alileta sharia, aliwaongoza watu katika vita na katika hukumu, akafa kifo cha kawaida. Wakristo hujibu kwamba Petro, katika Matendo 3, alisema nabii huyo ni Yesu, na kwamba kufanana na Musa, kwa mujibu wa mwisho wa Kumbukumbu la Torati, ni kumjua Mungu uso kwa uso na kutenda ishara. Kila mmoja huchagua sifa za Musa zinazomfaa, na mchezo huo hauna mwisho. Kuhusu neno ndugu, ni kweli kwamba Biblia huwaita wana wa Esau ndugu za Israeli, na kuhusu Ismaili imesemwa kwamba alikaa mbele ya ndugu zake wote. Lakini sura ya 17, iliyotangulia, inaagiza kwamba mfalme atoke miongoni mwa ndugu na asiwe mgeni, na hakuna anayedhani kwamba hapo Waisraeli waliruhusiwa kumtawaza Mwedomi. Kwa haki ya maandishi, naona usomaji wa ndani ya Israeli una uzito zaidi. Jambo ambalo karibu kila mtu hulipita ni aya zilizotangulia, zinazokataza waaguzi na wanaowaomba wafu habari, na kukumbusha jinsi watu walivyoogopa sauti ya Mungu pale Horebu wakaomba pawe na mtu wa kusimama katikati. Nabii katika sura hii ni jibu la Mungu kwa hofu ya watu, na sisi tumeligeuza kuwa kitendawili cha nasaba.

Hata hivyo siwezi kumlaumu Mwislamu kwa kutafuta. Qurani, Sura ya 7, inasema kwamba Mtume huyu anapatikana ameandikwa katika Taurati na Injili, basi anayeamini hivyo lazima atafute. Sisi Wakristo tumefanya vivyo hivyo. Tunaisoma Isaya 53 na kumwona Yesu msalabani, na Myahudi anatuambia kwamba tumemwingiza mtu ambaye hakuwamo. Uchungu anaousikia Mkristo anapoona Kumbukumbu la Torati imechukuliwa na mhadhiri wa Kiislamu, Myahudi ameusikia kwa karibu miaka 2,000. Vilevile kuhusu yule Msaidizi ambaye Yesu anaahidi kuja kwake katika Yohana 14 na 16: Waislamu wengi humwona Muhammad, kwa kuwa Sura ya 61 inamtaja Isa akimbashiri mtume aitwaye Ahmad, na Wakristo huonyesha kwamba Yohana 14:26 inamtaja kwa jina kuwa ni Roho Mtakatifu. Katika hili maandishi ya Yohana yako wazi kwangu, wala sioni haja ya kurefusha.

Hoja moja ya Wakristo ningependa tuiache kabisa. Ni ile inayosema kwamba Muhammad si nabii kwa sababu hakufanya miujiza. Waislamu wengi hawatakubali kwamba hakufanya, na watasema kwamba Qurani yenyewe ndiyo muujiza, kwa kuwa watu waliambiwa walete sura moja mfano wake wakashindwa. Lakini hata tukiweka hilo kando, Yohana 10:41 inasema kwamba Yohana Mbatizaji hakufanya ishara yoyote, na Yesu alimwita zaidi ya nabii. Hoja inayomwangusha Yohana haifai kushikwa na Mkristo.

Na tunapolisoma lile neno la "mtawatambua kwa matunda yao", tulisome nyumbani kwanza. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi lililodai kupata maono walitangaza kwamba ulimwengu ungekwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ukaisha, ulimwengu ukabaki, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi, pamoja na watoto, waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Wengi wao walikuwa watu waliobatizwa, na kipimo cha Kumbukumbu la Torati walikuwa nacho ndani ya Biblia zao tangu tarehe 1 Januari. Leo katika miji yetu mabango ya Nabii fulani na Mtume fulani yamejaa barabarani, na Wakristo wanaowaonya Waislamu juu ya nabii wa uongo mara nyingi hawajawahi kumuuliza nabii wa mtaani kwao swali hata moja.

Waislamu nao wana ugomvi wao wa ndani, na ulifika kwetu kwa Kiswahili. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, na wao wanaamini kwamba Mirza Ghulam Ahmad wa India, aliyefariki mwaka 1908, alikuwa nabii chini ya Mtume Muhammad. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, aliwapinga kwa nguvu, kwa sababu Sura ya 33 inamwita Muhammad Khatamu 'n-Nabiyyin, yaani mwisho wa manabii, na kwa Waislamu walio wengi mlango umefungwa. Mkristo akitazama anaona sura yake mwenyewe, kwa maana Waebrania inafunguliwa kwa kusema kwamba Mungu, baada ya kunena kwa manabii kwa njia nyingi, mwisho wa siku hizi amesema katika Mwana. Kila upande una mlango uliofungwa, na kila upande unasema aliyefunga ni Mungu.

Karibu mwaka 781, mjini Baghdad, Khalifa al-Mahdi alimwita Timotheo wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Mashariki, wakazungumza kwa siku mbili. Khalifa alimwuliza kuhusu yule mpanda punda na mpanda ngamia wa Isaya 21, ambaye Waislamu husema ni Muhammad, akamwuliza kuhusu Msaidizi, na hatimaye akamwuliza moja kwa moja anasema nini juu ya Muhammad. Timotheo alijibu kwamba Muhammad anastahili sifa kutoka kwa kila mwenye akili, kwa kuwa alikwenda katika njia ya manabii: aliwafundisha watu Mungu mmoja, akawatenga na masanamu, akawakataza maovu na kuwaamuru mema. Khalifa akasema basi inampasa ayakubali maneno yake. Timotheo akajibu kwamba umoja wa Mungu ameujifunza tayari katika Torati, katika manabii na katika Injili. Alisema alichoweza kukisema kwa moyo safi, akasimama pale ambapo kusema zaidi kungekuwa uongo, na Khalifa, ambaye angeweza kumdhuru, alimwacha aende kwa amani. Nimewasikia Wakristo wakisema alikuwa mwoga, na Waislamu wakisema alikuwa Mwislamu wa siri. Mimi namwona mtu mkweli.

Nililinganisha mara nyingi baraza lile na yaliyotukia kwetu. Mwezi Februari mwaka 1998, pale Mwembechai, Dar es Salaam, ugomvi uliotokana na mihadhara uliishia kwa risasi na vifo. Nilikuwa shuleni wakati ule. Mjomba hakuja kwetu kwa miezi kadhaa, na alipokuja, mama alimpikia pilau na hakuna aliyelitaja jambo lenyewe.

Mwaka huu amefikisha miaka 80 na macho yake yamepungua nuru. Nilipomtembelea mwezi uliopita nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza bila kuzunguka kama namkiri Muhammad kuwa ni Mtume. Nikamwambia, "Hapana, mjomba. Ningemkiri kwa maana unayoiamini wewe, ningekuwa Mwislamu, na mimi si Mwislamu. Lakini nasema kwamba aliwatoa watu katika ibada ya sanamu, na hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote." Akakaa kimya muda mrefu, tasbihi mkononi. Kisha akasema, "Na mimi nampenda Isa, lakini si kwa namna yako. Angalau leo umenijibu."

Nikamweleza habari za Yeremia na Hanania, ambazo hakuwahi kuzisikia. Alitaka kujua ile nira ilikuwa ya mti gani, na kwa nini Yeremia aliondoka bila kubishana. Nimeahidi kurudi na Biblia nimsomee sura nzima ya 28, naye ameniagiza, kabla ya siku hiyo, niisome Sura ya Saad mpaka mwisho, maana amesema niliishia kwenye kondoo.